Aliyeandika Sheria ya SHIF Hajawahi Kuwa na Duka

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu, simu na Linux, na leo nitawavunja moyo kidogo kwa sababu naandika kuhusu bima ya afya. Lakini msikimbie. Mimi napata riziki yangu kwa kuunda programu za kuhesabu mishahara ya biashara ndogo ndogo, na kila sheria inapobadilika kule Bungeni, ni mimi ninayekesha nikibadilisha msimbo. Sheria hii nimeisoma mstari kwa mstari, maana kompyuta haielewi maneno kama "kiasi fulani" au "itategemea". Na baada ya kuisoma, kusema kweli, nimekasirika.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichotokea. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya kwa mpigo mmoja. Kubwa kati yake ni Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoifuta NHIF, ile hazina tuliyokuwa nayo tangu 1966, na kuleta mamlaka mpya ya SHA pamoja na hazina tatu. Ya kwanza inagharimia huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya, kwa pesa za serikali. Ya pili ndiyo SHIF, inayotokana na michango yetu. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu. Kanuni zikatoka Machi 2024. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema sheria hizo zinakiuka katiba, wakitaja miongoni mwa mengine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tarehe 20 Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHIF ikaanza kazi. Hesabuni wenyewe: siku 11. Benki kubwa ina idara nzima ya kushughulikia mambo kama haya. Mwenye duka la vipuri ana daftari, simu, na kijana kama mimi wa kumpigia saa nne usiku.

Sasa nitasema jambo ambalo halitawafurahisha wanaoichukia SHIF kwa jumla. Kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo, hesabu mpya ina nafuu kuliko ya zamani. NHIF ilikuwa na jedwali la ngazi tangu 2015. Aliyepata shilingi 22,000 kwa mwezi alikatwa 750. Aliyepata 100,000 alikatwa 1,700, na aliyepata milioni moja alikatwa hiyo hiyo 1,700. Huo ulikuwa wizi wa mchana. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, haina kikomo cha juu, na kima cha chini ni shilingi 300. Kwa hiyo yule wa 22,000 sasa anakatwa 605. Wa 30,000 alikuwa akikatwa 900, sasa ni 825. Mizani inageuka karibu na 35,000, ambapo 950 imekuwa 962.50. Wa 50,000 ametoka 1,200 hadi 1,375, na wa 200,000 ametoka 1,700 hadi 5,500. Wenye mishahara minono wamepiga kelele nyingi, na kelele hizo mimi sina haja nazo. Mwenye nacho alipe zaidi, ndiyo maana ya bima ya jamii.

Tena mwajiri hachangii hata senti moja katika SHIF. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hapo ndipo watetezi wa sheria hufunga mjadala: "Biashara ndogo inalalamikia nini basi? Pesa ni za mfanyakazi!" Nimeisikia hoja hii redioni, nimeisikia kwa marafiki wenye ajira za serikali, na nimechoka nayo. Inamsahau mtu mmoja tu, yule mwenye biashara.

Nitawapa mfano. Nina mteja, mzee mwenye karakana ya samani kule Kariobangi. Ana wafanyakazi sita, kila mmoja wa shilingi 22,000. Mwezi wa kwanza wa SHIF nilibadilisha programu yake, tukakata 605 mara sita, jumla 3,630, na kufikia tarehe 9 Novemba pesa zilikuwa zimeshatumwa. Mzee alifurahi, maana wafanyakazi wake walikuwa wamepata nafuu ya shilingi 145 kila mmoja. Mwisho wa mwezi huo mkewe akaugua, akahitaji kufanyiwa upasuaji. Pale hospitalini wakaangalia na kumwambia kwamba bima yake haijaanza kufanya kazi. Akanipigia simu.

"Kijana wangu, hii kompyuta yako inasema tumelipa. Tumelipa nani?"

"Mzee, tumewalipia wafanyakazi. Wewe hujalipiwa."

"Mimi si ndiye nalipa?"

Sikuwa na jibu zuri. Programu haikuwa na kasoro, ilifanya kile hasa sheria ilichosema. Mzee hana mshahara. Karakana ni yake, imesajiliwa kwa jina lake, anachobaki nacho mwisho wa mwezi ndicho chake. Kwa hiyo machoni pa sheria yeye ni watu wawili. Wa kwanza ni mwajiri, ambaye lazima akate na kuwasilisha kila mwezi bila kuchelewa. Wa pili ni mkuu wa kaya isiyo na mshahara, ambaye lazima akadiriwe mapato kisha alipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Huyu wa kwanza alikuwa ametimiza wajibu wake wote. Huyu wa pili alidaiwa zaidi ya shilingi elfu kumi kabla mkewe hajahudumiwa kwa bima. Alizitoa kwenye pesa za mishahara. Wafanyakazi sita wakangoja wiki nzima, mwezi wa Desemba, watu wakiwa wanapanga safari za kwenda mashambani. Sikukuu ya watu sita ilikopwa ili kulipa ada ya bima ya mtu mmoja.

Enzi za NHIF mzee huyo alikuwa akilipa shilingi 500 kwa mwezi kwa M-Pesa. Sisemi kwamba NHIF ilikuwa malaika. Kiwango kile kimoja cha 500 kwa mama mboga na kwa wakili mwenye ofisi yake hakikuwa cha haki pia. Lakini mia tano kwa mwezi ni kitu ambacho biashara ndogo inaweza kukibeba, kwa sababu pesa ya biashara ndogo huja na kuondoka kila siku. Elfu kumi na ushee kwa mkupuo ni mbao, ni gundi, ni kodi ya karakana, ni mshahara wa nusu mwezi wa mtu.

Sasa wanaprogramu wenzangu, angalieni upuuzi ulio ndani ya mantiki hii. Chukua mzee yule yule, karakana ile ile, faida ile ile. Aisajili kampuni yenye dhima ndogo, ajifanye mkurugenzi, ajiandikie mshahara wa 40,000. Ghafla anakatwa 1,100 kila mwezi kama watu wengine wote. Hakuna kilichobadilika katika maisha yake isipokuwa cheti kilicho ukutani. Ukiniletea programu inayotoa majibu mawili tofauti kwa mtu yule yule kwa sababu ya rangi ya bahasha aliyokuja nayo, nitakurudishia na kukuambia una kasoro. Bunge limepitisha kasoro hiyo na kuiita sheria.

Na hayo makadirio ya mapato ya kaya? Hapa ndipo nataka msome polepole. Kanuni zinasema mtu asiye na mshahara atapimwa kwa kutumia maswali kuhusu nyumba anayoishi, huduma anazopata, na kaya yake ilivyo. Kutokana na majibu, kompyuta inakisia mapato yake, kisha inachukua asilimia 2.75. Nimewahi kuunda programu za kukisia, najua zinavyofanya kazi. Kila jibu hupewa uzito: ukuta wa mawe alama kadhaa, choo cha ndani alama kadhaa, umeme alama kadhaa. Zinajumlishwa, inatoka namba. Namba hiyo inaweza kuwa sawa kabisa kwa wastani wa kaya elfu moja na bado ikamkosea mtu mmoja vibaya sana. Kwa takwimu za kitaifa hilo halina shida. Ukianza kumtoza huyo mmoja pesa, shida ipo.

Na nani hukosewa zaidi? Mfanyabiashara mdogo wa mjini. Anaishi nyumba ya kupanga ya mawe, ina maji, ina umeme, ina choo cha ndani. Kwa maswali hayo anaonekana tajiri. Maswali hayaoni deni alilo nalo kwa muuzaji wa jumla, wala mkopo wa cherehani, wala kwamba mwezi uliopita aliuza hasara. Fundi wa kushona sare za shule huvuna Januari shule zinapofunguliwa, kisha anasota miezi mingine. Utampima mwezi gani? Nyumba yake ni ile ile miezi yote kumi na miwili.

Mtaniambia wengi wa jua kali hawawasilishi hesabu kwa KRA, kwa hiyo serikali itajuaje mapato yao isipokuwa kwa kukisia? Ni kweli, na ni hoja nzito, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya ajira katika nchi hii iko katika sekta isiyo rasmi. Kwa hao tukisie, sawa, ingawa nitadai uzito wa kila jibu uchapishwe, maana Kanuni zinataja vigezo tu na haziandiki hesabu yenyewe. Fomula inayomtoza mwananchi haifai kuwa siri. Viwango vya ushuru wa mapato viko wazi hadharani, mtoto wa darasa la nane anaweza kujikokotolea. Lakini yule mwenye biashara iliyosajiliwa, mwenye PIN, anayewasilisha hesabu zake kila mwaka bila kukosa, kwa nini naye aulizwe kuhusu choo? Takwimu zake serikali inazo tayari. Anaadhibiwaje kwa kuwa mwaminifu?

Kuna hoja nyingine ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Wataalamu wa bima husema ukimruhusu mtu asiye na mshahara alipe kwa mwezi, atalipa akiwa mgonjwa tu, au mkewe akikaribia kujifungua, kisha atatoweka. Bima haiwezi kuishi kwa watu wa namna hiyo. Ni kweli, jambo hilo liliisumbua NHIF. Lakini dawa yake inajulikana: weka kipindi cha kungoja kwa anayejiunga upya au anayeruka miezi, na umpe nafuu anayelipa mfululizo. Malipo ya kujirudia kwa simu si teknolojia ya mwezini. Watu hulipa televisheni kwa mwezi, hulipa taa za sola kwa siku, hulipa pikipiki kwa siku, na taa ile hujizima yenyewe usipolipa.

Na serikali yenyewe imekubali kwamba ada ya mwaka ni mzigo. Mwaka wa 2025 ilileta mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu anakopeshwa ada ya mwaka kisha anailipa kidogo kidogo. Jamani! Kama mkopeshaji anaweza kumfuata mwenye kibanda na kukusanya pesa zake kidogo kidogo, kwa nini hazina yenyewe ishindwe? Tumeunda tatizo kwa kanuni moja, kisha tukaunda mkopo wa kulitatua. Mkopo ni mkopo hata ukipewa jina tamu. Mfanyabiashara mdogo ana mikopo ya kutosha, hakuhitaji mwingine ili atibiwe.

Sasa turudi kwenye tarehe 9. SHIF haikuja peke yake. Makato mapya ya NSSF yalianza kutekelezwa 2023, asilimia 6 kwa mfanyakazi na 6 kwa mwajiri, na kikomo chake kimekuwa kikipanda kila Februari. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ikaongeza asilimia 1.5 kwa kila upande. Mfanyakazi wa 30,000 anakatwa 1,800 za NSSF, 450 za nyumba na 825 za SHIF, jumla 3,075, hata kabla hujagusa ushuru wa mapato. Mwajiri naye anaongeza 2,250 kutoka mfukoni mwake. Tangu Desemba 2024 makato ya SHIF na nyumba huondolewa kabla ya ushuru kukokotolewa, na hilo ni jambo zuri, nawapongeza. Lakini mwenye biashara ndogo hukubaliana na mtu wake kuhusu pesa ya mkononi. "Nitakupa elfu ishirini na tano mkononi." Hivyo ndivyo mtaani tunavyoajiriana. Makato yakipanda, mfanyakazi anauliza pesa yake iko wapi, na mwajiri ama anaongeza au anapoteza fundi mzuri. Kwa fundi wa 22,000, SHIF pekee ilikuwa nafuu. Kwa fundi stadi wa 60,000, au mwanaprogramu wa 120,000 ambaye ametoka 1,700 hadi 3,300, mazungumzo hayo hayakwepeki.

Matokeo yake nayaona kwenye hifadhidata za wateja wangu. Majina yanapungua. Mtu aliyekuwa mfanyakazi wa mwezi anageuzwa kibarua wa kulipwa kwa siku, pesa taslimu, hakuna karatasi. Mwajiri anaepuka kazi ya kila tarehe 9 na hofu ya faini. Kibarua naye anatoka kwenye makato ya kila mwezi na kutupwa kule kwenye kaya zisizo na mshahara, kwenye maswali ya choo na ada ya mwaka. Nadhani mnaona mwisho wa hadithi. Kufikia mwisho wa 2025 waliosajiliwa SHA walikuwa zaidi ya milioni 25, lakini kujisajili kwa *147# ni jambo moja na kulipa ni jambo lingine, na mzigo mkubwa wa michango bado umebebwa na watu wa mshahara. Sheria iliyokusudia kumwingiza kila mtu inamsukuma nje yule aliyekuwa ameshaingia.

Nchi nyingine zimeliwazia jambo hili. Sheria ya afya ya Marekani ya 2010, pamoja na ugomvi wake wote, iliandika namba: mwajiri mwenye chini ya wafanyakazi 50 wa kutwa halazimishwi kuwanunulia bima, na baadhi ya wadogo zaidi, wa chini ya 25, waliwekewa nafuu ya kodi wakiamua kununua. Sisemi tuwaige, mfumo wao una maradhi yake. Nasema tu kwamba walikaa chini wakajiuliza biashara ndogo ni ipi. Sheria yetu haikuuliza. Kibanda chenye mfanyakazi mmoja na benki yenye maelfu wana tarehe moja na wajibu mmoja.

Na msiniambie pesa za kuunda mfumo rahisi hazikuwepo. Mfumo wa kompyuta wa afya uliotolewa zabuni unagharimu shilingi bilioni 104.8, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya mwaka wa fedha 2023/24 ilihoji jinsi ulivyonunuliwa na ukweli kwamba serikali haiumiliki. Kwa pesa hizo, mwenye karakana angestahili kupakia faili moja, mara moja, na faili hilo liende NSSF, KRA na SHA lenyewe.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na yote yanaweza kuandikwa katika Kanuni bila kuigusa katiba. Mosi, mwenye biashara asiye na mshahara aruhusiwe kulipa kwa mwezi moja kwa moja kwa hazina, bila mkopo katikati, pamoja na kipindi cha kungoja kwa wanaoruka. Pili, aliyewasilisha hesabu kwa KRA atozwe kwa hesabu hizo, na fomula ya wale wengine ichapishwe yote. Tatu, makato yote ya mishahara yawe faili moja na malipo mamoja. Nne, tovuti ya serikali ikikwama karibu na tarehe 9, siku zilizopotea zihesabiwe kwa serikali, asitozwe faini mtu aliyekuwa amekaa mbele ya skrini na pesa mkononi.

Mimi naitaka bima hii ifaulu. Mke wa mzee yule alipona, na siku ada ilipolipwa bima ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Ndiyo sababu naandika kwa hasira. Kitu kizuri kimejengewa mlango ambao mwenye biashara ndogo anapita kwa kuinama mpaka magoti.

Kama kuna hesabu niliyokosea hapa, nionyesheni, nitarekebisha. Haya, narudi kwenye msimbo wangu, kuna mteja anataka kumwondoa mfanyakazi mwingine kwenye orodha na bado sijampigia kumuuliza kwa nini.